Picha Zilizopigwa Chomboni na Msamiati wa Bahari katika Kiswahili



Mwaka 1939 ulikuwa mwaka wa neema kubwa kwa msamiati wa bahari katika Kiswahili, ingawa wakati ule hapana aliyeujua kuwa ni mwaka wa namna hiyo. Katika mwaka huo ilichapishwa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, kamusi iliyojengwa juu ya msingi wa ile ya Madan ya mwaka 1903. Mwaka huohuo, mjini Paris, ulianza kutoka uchapaji wa kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padre Charles Sacleux, ambayo hadi leo haijapata mshindani kwa wingi wa maneno ya lahaja na ya kazi za pwani. Na miezi ya mwanzo ya mwaka huohuo ilimkuta baharia mmoja mzaliwa wa Australia, Alan Villiers, akiwa ndani ya bum la Kuwait lililoitwa Bayan, baina ya Unguja na delta ya Rufiji, kamera mkononi.

Watunga kamusi wale wawili walikusanya majina ya kamba, mbao na pepo. Baharia yule alikusanya sura zake. Mikusanyo hii haikukutana wakati ule, na kwa kiasi kikubwa haijakutana hata leo. Kamusi zetu zina majina ambayo msomaji hawezi kuyaona kwa jicho la akili, na hifadhi za picha za Ulaya zina maelfu ya sura ambazo hazina majina. Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha kwamba picha zilizopigwa na watu waliokuwa kazini baharini ni ushahidi wa kiisimu, tena ushahidi wa daraja la juu, na kwamba bila ya picha hizo tunafundisha baadhi ya maneno na methali zetu kwa kubahatisha.

Nasema makusudi "watu waliokuwa kazini". Picha za bandari zetu hazikuanza na Villiers. Mjini Unguja palikuwa na wapiga picha wenye maduka tangu karne ya 19. Majina ya A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho yanafahamika kwa kila aliyepata kushika kadi za posta za zamani za Zanzibar. Picha zao ni nzuri na zina thamani yake. Lakini mpiga picha wa dukani husimama gatini. Chombo kwake ni pambo la bahari: tanga limejaa upepo kwa mbali, au milingoti imesimama kama msitu mbele ya forodha. Mnunuzi wa kadi ile hahitaji kujua kamba ipi imefungwa wapi. Baharia, kinyume chake, hupiga picha kutoka ndani, na jicho lake huvutwa na kile anachokijua kwa mikono yake: fundo, gofia, kidole cha mguu kilichojishikiza kwenye foromali, mgongo wa mtu anayevuta henza.

Villiers alikuwa mtu wa aina hiyo. Alizaliwa Melbourne mwaka 1903 na akaingia katika merikebu za matanga angali kijana. Mwaka 1929 yeye na mwandishi mwenzake, Ronald Walker, walijiandikisha kama mabaharia katika merikebu Grace Harwar iliyokuwa ikichukua ngano kutoka Australia, wakiwa na nia ya kupiga filamu ya safari ya kuizunguka Rasi ya Horn. Safari ilichukua siku 138. Walker hakufika; aliuawa kazini na foromali iliyomwangukia, akazikwa baharini. Nalitaja jambo hili kwa sababu wanafunzi huziona picha za zamani kama vitu vilivyopatikana kwa urahisi. Aliyepiga picha juu ya mlingoti alikuwa na zamu yake ya kufanya kama wenzake, na kamera haikumwondolea hatari hata chembe.

Mwishoni mwa mwaka 1938 Villiers alikuwa Aden. Huko alijiunga na Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, mmoja wa manahodha mashuhuri wa Kuwait, ambaye bahari ilimchukua moja kwa moja mwaka 1979. Bum lilishuka na upepo wa kaskazi kwa kupitia Shihri na pwani ya Somalia, likiwa limejaa abiria na shehena, likapita katika bandari zetu hadi Unguja, kisha likaenda Rufiji kupakia boriti za mikoko, na hatimaye likarejea kaskazini kwa upepo wa kusi hadi Kuwait. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1940. Picha zake zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari huko Greenwich, Uingereza, na sehemu yake imekwisha kutolewa kitabuni.

Hapa yapasa kutahadhari. Bayan lilikuwa chombo cha Waarabu wa Ghuba, na lugha ya sitahani mwake ilikuwa Kiarabu cha Kuwait. Kwa hiyo picha ya Bayan si picha ya jahazi la Lamu. Bum lina ncha mbele na nyuma, ilhali jahazi limekatwa nyuma. Hata hivyo mitambo ya tanga, yaani mlingoti uliolalia mbele, foromali ndefu iliyounganishwa kwa vipande, na tanga la pembe, ni ya jamii moja, na majina mengi ni urithi wa pamoja wa bahari hii. Nahodha, serahangi na bandari ni maneno ya asili ya Kiajemi. Rubani na usukani yametujia kwa Kiarabu. Mashua ina ndugu zake Bara Hindi. Bendera ni ya Mreno. Tanga ni letu wenyewe. (Na tusisahau kwamba Mwingereza naye alichangia kwa namna yake: meli ni "barua" na manowari ni "mtu wa vita", na vyote viwili vilikuwa vyombo ambavyo Mswahili aliviangalia kwa mbali zaidi kuliko alivyovipanda.)

Sasa niingie katika kiini cha hoja yangu, nacho ni maneno mawili: joshi na demani.

Ukifungua kamusi utaona kwamba joshi, au goshi kama wasemavyo wengine, ina maana mbili. Kwanza ni pembe ya mbele ya tanga pamoja na kamba inayoishikilia. Pili ni upande upepo utokako. Demani nayo, ukiacha kando ile ya majira, ina maana mbili: ni kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, na ni upande wa pili wa chombo, ule upepo uendako. Mwanafunzi anayesoma haya darasani huyahesabu kuwa maneno yenye maana nyingi, huyakariri kama yalivyo, na kuendelea na safari yake. Kwa nini kamba na upande viwe na jina moja? Kamusi haisemi, wala si kazi yake kusema.

Tazama picha iliyopigwa kutoka shetri, nyuma kabisa ya chombo, wakati chombo kinakwenda na upepo wa ubavuni. Jibu liko mbele ya macho. Pembe ya mbele ya tanga imevutwa chini na kukazwa upande ule upepo unaotokea, imenyooka na kukakamaa. Tanga lote limefura na kuegemea upande wa pili, na kamba ya pembe yake ya nyuma imevutwa na kufungwa kwenye ubavu ule uliolala majini. Baharia hahitaji dira kuujua upande. Kamba ya joshi iko joshini. Kamba ya demani iko upande wa demani. Jina la kamba na jina la upande ni jina moja kwa sababu kwa mtu aliyesimama sitahani ni kitu kimoja. Chombo kikigeuzwa, kamba zinahama na pande zinahama nazo. Huu ni mfumo wa kutaja mahali usiotegemea kulia wala kushoto, na ni jambo ambalo wanaisimu wa maana wangepaswa kulishughulikia kwa makini zaidi kuliko walivyofanya hadi sasa.

Twende mbele kidogo. Methali yetu husema: Dau la mnyonge haliendi joshi. Nimeifundisha methali hii kwa miaka mingi, na nikiwauliza wanafunzi maana ya kwenda joshi, jibu la kawaida ni kwamba dau hilo haliendi kasi. Jibu hilo haliko mbali na makusudio ya methali, lakini limeikata mizizi. Kwenda joshi ni kwenda kwa kuukabili upepo, chombo kikiubana kwa kadiri kiwezavyo. Sasa chukua zile picha za Villiers zinazoonyesha kazi ya foromali. Mabaharia wamejipanga safu nzima sitahani, kila mmoja ameishika jarari, miili imelala nyuma kwa uzito wa kuvuta. Foromali ya bum kubwa ni gogo refu karibu sawa na chombo chenyewe. Na chombo cha tanga la pembe hakigeuzwi kwa kuuvuka upepo uso kwa uso. Huzungushwa kwa kuupa upepo mgongo, na foromali pamoja na tanga lake hupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Kazi hiyo hurudiwa kila chombo kinapobadili upande katika kubisha. Inataka mikono mingi, tanga zima lisilochakaa, kamba imara, na nahodha asiyechelewa hata kidogo.

Mnyonge hana hivyo vyote. Ana dau, ana mtoto wake wa kumsaidia, na tanga lenye viraka. Upepo ukimjia mbele hana la kufanya ila kungoja au kurudi alikotoka. Methali, basi, haizungumzii kasi. Inazungumzia mwelekeo: tajiri aweza kwenda hata kule upepo unakomkataza, mnyonge huenda kule upepo unakompeleka. Wengine humalizia kwa kusema kwamba likienda joshi ni Mungu kupenda, na maneno hayo nayo yanapata uzito wake kamili, maana pasipo mikono ya watu limebaki suala la upepo kugeuka wenyewe.

Mfano wa pili nitaupitia kwa haraka zaidi. Twasema: Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini kabisa ya chombo ambapo maji yanayovuja hujikusanya. Katika chombo cha mbao maji hayaachi kuingia, hata kikipigwa kalafati vipi, na hapana budi yafuliwe usiku na mchana. Picha za ndani ya chombo huonyesha jinsi nafasi ilivyokuwa finyu: hapana ukumbi wala chumba cha kujificha. Unaweza kutembea hadi nyuma kwa nahodha, ukatembea hadi mbele kutazama mawimbi, lakini zamu yako ya kufua maji itakukuta. Vitabu vya methali hueleza kwamba mtu hatimaye hurudi kwao. Yamkini ni sawa, lakini ngama si nyumbani kwa starehe. Ni mahali pa kazi isiyokwisha, penye giza na harufu mbaya, na kazi hiyo isipofanywa hapatakuwa na tezi wala omo.

Nije sasa kwenye tatizo la maelezo ya picha. Hifadhi nyingi zimeiandika kila picha ya chombo cha matanga cha bahari yetu kwa neno moja la Kiingereza ambalo Kiswahili hakina kisawe chake. Wapo wanaolihusisha neno hilo na dau, na asili yake bado inabishaniwa. Lakini kwa Mswahili dau ni aina moja tu ya chombo, kama vile ngalawa ni aina moja na jahazi ni nyingine. Kulita bum dau ni sawa na kumwita ng'ombe mbuzi kwa kuwa wote wana pembe. Bum, sambuku, ganja, betili, batela, jahazi, mashua, mtepe: kila jina lina umbo lake, asili yake na msimu wake. Mtafiti anayetafuta picha za betili katika orodha za hifadhi hatazipata, hata kama zimo, kwa sababu aliyeziorodhesha hakujua kwamba kuna jambo la kutofautisha. Na orodha hizo sasa zimetiwa katika kompyuta, zikasambaa duniani, na kosa lililokuwa kwenye kipande cha karatasi chumba cha nyuma limekuwa kosa la watu wote.

Lakini kukosa jina la chombo si hasara kubwa kuliko zote. Mwaka 1868 nahodha wa manowari ya Kiingereza Daphne, G. L. Sulivan, alikuwa katika doria ya kuzuia biashara ya watumwa kwenye pwani yetu. Naye alikuwa mpiga picha kazini. Picha zilizopigwa sitahani mwa Daphne mwaka ule zimo katika majalada ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, na kitabu chake cha mwaka 1873 kilipambwa kwa michoro iliyotokana na picha na michoro yake mwenyewe. Katika picha hizo wamekaa watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa: watoto, wanawake, vijana waliokonda hadi mbavu zikahesabika. Jina la manowari limeandikwa, tarehe imeandikwa. Majina ya watu hayakuandikwa, wala lugha zao, wala walikotoka.

Naiweka picha hii kando ya zile za Villiers kwa makusudi. Nahodha wa Bayan tunamjua kwa jina lake na la baba yake, kwa sababu mpiga picha alikula naye sinia moja. Watu wa sitahani mwa Daphne walipigwa picha ili wawe ushahidi wa jambo fulani mbele ya wakubwa wa London, na walipokwisha kutumika kwa ushahidi huo hawakuulizwa zaidi. Mtu anayesema kwamba picha huhifadhi kila kitu na aitazame hii. Naikumbuka kila ninaposikia bahari yetu ya zamani ikisifiwa kwa tenzi za kaskazi, haludi na tende tupu. Vyombo vilevile, kamba zilezile za joshi na demani, ndivyo vilivyowachukua watu wale.

Nirudi Rufiji, ambako picha za boriti zina faida kwa wenzetu wa historia ya majengo. Mkoko hautoi boriti ndefu ya kubeba sakafu kupita kiasi fulani, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa yapata mita 2.5 hadi 3. Kuwait, nchi isiyo na msitu, ilijenga kwa boriti hizohizo, na vyumba vyake vya kale vikafuata kipimo hichohicho. Picha ya watu waliozama matopeni hadi magotini, wakibeba miti begani kuelekea chomboni, ni picha ya mwanzo wa chumba cha mfanyabiashara wa Ghuba. Msamiati wa boriti, yaani madaraja yake kwa unene na jinsi inavyohesabiwa kwa korija, ungeweza kukusanywa kwa kuwaonyesha picha hizo wazee wa Rufiji wenyewe.

Kwamba jambo hili lawezekana, mtepe umekwisha kutuonyesha. Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi, pasipo msumari, chenye tanga la mkeka la pembe nne. Ulitoweka baharini katika miaka ya 1930. James Hornell aliuandikia makala mwaka 1941, na Mholanzi A. H. J. Prins, ambaye kitabu chake kuhusu ubaharia wa Lamu kilitoka mwaka 1965, aliendelea kuufuatilia hadi miaka ya 1980. Ilipofika mwaka 2003, mafundi wa Lamu waliweza kuunda mtepe mpya, ukaitwa Shungwaya, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib mjini Zanzibar. Aliyebaki na mtepe kichwani hakuwapo. Palikuwapo picha, michoro, mifano midogo, na mikono ya watu wenye ufundi. Kwenye majengo haya nako hakuna dhamana, kwani sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka tarehe 25 Desemba 2020.

Pendekezo langu kwa idara zetu ni dogo na halihitaji fedha nyingi. Zipatikane nakala za picha za sitahani, zichapwe kubwa kwenye karatasi, zipelekwe Lamu, Pate, Tumbatu, Mkokotoni, Pangani na Kilwa, wawekewe wazee waliopata kusafiri kwa tanga kabla ya mashine. Nimepata kukaa na baadhi yao. Mzee wa aina hiyo hatazami picha kama tutazamavyo sisi. Hamtazami kwanza mtu; hutazama tanga, akajua upepo; kisha hutazama kamba, akaanza kulaumu. Katika lawama hizo ndimo maneno hutoka, kwa sababu mtu hawezi kulaumu fundo bila kulitaja. Kila picha irudi na majina yake kwa Kiamu, Kimvita, Kiunguja au Kitumbatu, na pale lahaja zinapotofautiana yaandikwe yote bila kusanifishwa. Kisha yalinganishwe na Sacleux neno kwa neno.

Walioingia chomboni wakiwa vijana wa miaka 15 mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanakaribia miaka 80 sasa. Wanafunzi wa shahada ya pili wanaotafuta mada waje ofisini kwangu; nakala chache ninazo, na zipo mbili ambazo mpaka leo sijapata mtu wa kunitajia kamba iliyofungwa nyuma ya mlingoti wa galme.